Shela Mlangoni

Kaka Janbaz,

Sisi wazima, na forosadi zimeiva.

Unauliza mpwao Zmarak, kamanda mzima, alishindwaje vita. Wanasema risasi zilimwishia. Waongo! Asubuhi ile nilitandaza shela yangu miguuni pake, nikamsihi asiwapeleke vijana darajani. Unajua kwetu, shela ya mama ikiwa chini, hata mwenye kisasi huweka chini bunduki.

"Mama, usinitie aibu mbele ya askari," akasema, akaikanyaga, akapita.

Askari waliona. Wakachepuka njiani mmoja mmoja. Darajani alifika peke yake, akafia hapo.

Siku hizi kila magharibi naitandaza tena mlangoni. Nasikia buti zake zikija, zikifika kwenye upindo zinasimama.

"Pita, mwanangu," namwambia.

Hapiti.

Dadako,
Zarghuna