Mahakama Tuliyokatazwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Neno limefika kutoka Kinshasa: hakuna wakili wa Ordre yetu, chama cha mawakili, atakayetetea mtu mbele ya mahakama ya wakubwa wapya wa mji, wale waliouteka kwa bunduki. Atakayekwenda, jina lake linafutwa kwenye tableau, orodha ya mawakili. Bâtonnier, mkuu wetu, alitueleza polepole: toge zetu, majoho ya uwakili, zikiingia mle, ile itakuwa mahakama kweli. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu! Sikuapa ili niwe pambo la mtu.

Jumanne, 10 Juni
Luc amekamatwa.

Jumatano, 11 Juni
Sikulala. Luc ni mtoto wa mama mkubwa Apolline wa Nyangezi, aliyenilea. Anabeba abiria kwa pikipiki hadi Kamituga. Eti alibeba watu wa upande mwingine. Abiria ni abiria — nani anamuuliza moyo wake? Kesi ni Ijumaa. Akihukumiwa watamhamisha, na hatutaambiwa wapi.

Mama mkubwa amekuja. Nikamweleza kwamba nikienda nitafutwa, sitatetea tena mtu yeyote, popote. Akakaza kitenge chake. Kisha:

“Gisèle, ile toge ni siye tulikushonea. Sasa iko ya nani?”

Akaondoka kumpelekea Luc chakula.

Alhamisi, 12 Juni
Nazunguka tu, nyumba imekuwa ndogo. Nimemwendea Maître Raphaël, niliyeapa naye siku moja. Nikamuuliza: nikienda bila toge, kama ndugu? Akasema kule ndugu hasikilizwi. Na nikiivaa, kesho wataenda mawakili kumi, na nani atasema tena kwamba ile si mahakama? Anasema kweli. Nimemkasirikia zaidi kwa sababu anasema kweli. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi sina ujanja kumzidi.

Ijumaa, 13 Juni
Niko ndani. Nimekaa nyuma na watu, toge kwenye mfuko. Hakimu amemuuliza Luc kama ana wakili. Amegeuka, akaniona. Mdomo wake umevimba.

“Hapana, Président. Sina mutu hapa.”

Amenikana ili aniokoe! Mjinga wewe, Luc. Mama mkubwa anatazama sakafu. Ndiye aliyemwambia nitakachopoteza. Nampenda na namchukia.

Hakimu ametoka kidogo. Akirudi wanaendelea, bila wakili. Naandika juu ya goti.

Mlango unafunguka. Tunasimama wote. Tumeambiwa tukae. Wengine wote wanakaa, mimi bado nimesimama —