Mzinga wa Darajani

Nyumbani,
Juu ya duka la viatu,
Jumatano, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na mtoto je, kile kikohozi kimekwisha au bado kinawakesheza? Sisi huku tu wazima, ukiacha goti langu ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Shemeji yako yupo, ananenepa tu. Baba hajambo, na leo nikisema Baba hajambo sisemi kwa mazoea, kwa hiyo nisome mpaka mwisho.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kama enzi za wazee wetu. Nampa huyu mwenzako wa kazini anayerudi huko keshokutwa. Simu zako nazipokea Baba akiwa pembeni, na ujumbe wa simu wewe unasoma mstari wa kwanza halafu unajibu "sawa". Hili si la kujibiwa sawa.

Unajua hali aliyokuwa nayo tangu Mama atutoke. Chakula anakula chumbani, mlango umefungwa, ndevu hanyoi mpaka nimbembeleze. Ukipiga simu ni "Salama?", "Salama", "Haya", kisha ananirudishia simu kana kwamba inamuunguza. Nilikuwa nashona nguo za watu huku sikio liko mlangoni kwake, nasubiri hata akohoe. Niliogopa, ndugu yangu. Niliona tunampoteza naye huku tunamtazama.

Basi Jumamosi moja mchana shemeji yako alikuwa anaijaribu kompyuta ya mteja kwa ule mchezo wenu wa ndege za kivita, ule mnaocheza kwenye mtandao na watu wa nchi chungu nzima. Baba akapita na kikombe chake, akasimama. Kwenye kioo mizinga ya chini ilikuwa inafyatua, na ndege zinadondoka kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Baba akasema, "Huu uongo." Maneno mawili tu, lakini nilisimamisha cherehani.

Wajua ujana wake wote aliumalizia jeshini, kwenye mizinga ya kutungulia ndege, na sisi hakutuambia lolote ila kwamba ndiyo iliyomharibia masikio. Siku hiyo alivuta kiti akaongea mpaka chai ikapoa. Kwamba mizinga ya mchezo inaiona ndege hata ikiwa nyuma ya wingu, na binadamu haoni nyuma ya wingu. Kwamba inapiga risasi ya kwanza na kupata, wakati kombora huchukua muda kupanda, na likifika juu ndege haipo tena. Unapiga pale itakapokuwa, kama unavyomrushia mpira mtu anayekimbia, na rubani akikata kona kidogo tu, umekosa. Inayoruka chini chini ndiyo mbaya zaidi, inachomoza juu ya miti na kupotea kabla hujageuza mtutu. Akasema sehemu kubwa ya walichokipiga ilikuwa hewa.

Shemeji yako, mdomo wake hauna breki, akamuuliza sasa faida yake ilikuwa nini. Baba hakukasirika. Akajibu, "Kazi yetu ilikuwa kumnyima rubani utulivu. Asiye na utulivu hatupi bomu mahali pake."

Shemeji akamwandikia kiongozi wa kundi lenu, yule daktari wa meno. Kumbe mchezo unaruhusu mtu kukaa kwenye mzinga mwenyewe badala ya kompyuta kujipigia. Wakampa Baba mzinga wa darajani, ule unaolinda daraja la mtoni mnalolipiga mabomu. Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mzee ananyoa ndevu bila kuambiwa, anavaa hedifoni, anakaa. Ana wenzake wawili pale mzingani, mwalimu wa shule na dereva wa lori, wa wapi Mungu ndiye ajuaye. Mmoja anamkadiria urefu wa ndege kwenda juu, mwingine anaangalia nyuma. Wanamwita Mzee wa Daraja. Wiki iliyopita dereva alikuwa na homa, na Baba hakutupa raha, kila saa anauliza kama kuna habari zake. Sasa anakula mezani na ananigombeza kuhusu chumvi. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama sasa.

Nije kwako. Yule daktari amepata malalamiko ya rubani anayejiita Kipanga, mwenye ndege ya mstari mwekundu bawani. Analalamika kwamba mzinga wa darajani hauna uhalisia wowote, kwamba anapita pale kila Jumamosi na hajakwaruzwa hata rangi, na anataka kompyuta irudishiwe kazi yake. Watapiga kura Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wengi wanamuunga mkono. Usijifanye humjui Kipanga. Shemeji yako anakujua, na mimi ule ukali wa maneno nimeutambua, ni wa kwetu.

Najua hukujua unamshitaki nani. Baba naye zile herufi ndogo za kwenye kioo hazioni, na sisi hatukumwambia ndege ile ni ya nani. Lakini kompyuta ikirudishiwa ule mzinga, kiti kile kitabaki kitupu, na chumba atakachorudi kujifungia unakijua. Nakuomba, mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, ondoa malalamiko yako. Mwambie daktari mwenyewe, kabla ya hiyo Jumapili.

Na kama moyo wako wa urubani unakataa, nijibu swali hili: daraja umelivunja lini? Shemeji yako ameangalia. Zamani ulikuwa unalivunja utakavyo, na tangu Baba akae pale hujaligusa. Mabomu yako yanaua samaki. Unasema mzinga haufanyi kazi, na wewe ndiye unayefanyiwa kazi kila wiki. Uhalisia si ndio huo uliokuwa unaulilia?

Nilipofika hapa, Baba ametokea nyuma yangu kuuliza chai. Akaiona karatasi, akaniuliza kama namwandikia kitinda. Nikasema ndiyo. Akaniambia niandike hivi, na naandika kama alivyosema: "Mwambie anakata kulia kila mara. Tangu enzi za baiskeli, akiogopa anakata kulia. Siku nikichoka kumwonea huruma, nitamngoja huko huko kulia." Akachukua kikombe, akaenda zake.

Nimebaki na kalamu mkononi. Alijua tangu lini sijui, alishatoka kabla sijamuuliza. Jumamosi kabla hamjaruka, pale mnaposikilizana wote uwanjani, washa kipaza sauti chako umwamkie. Usiandae hotuba. Shikamoo inatosha, mengine ataanza yeye.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie vipimo vya gauni lake bado ninavyo, kama havijabadilika. Nibusie mtoto, mwambie busu hilo ni la shangazi. Shemeji yako anakusalimu, anasema ndege yako ukiipaka rangi nyingine haitakusaidia. Mungu awatunze mlalapo na mwamkapo, kazi zenu zisiwe nzito kuliko mabega yenu.

Na Baba anakusalimu. Amerudi mlangoni sasa hivi, na mkono kwenye fremu, kuhakikisha nimeliandika hilo pia.

Akupendaye tangu ulipokuwa huna meno,
Dada yako