Mama Katika Nchi ya Nyasi

Alhamisi, Lushebere. Ukungu tangu asubuhi, mvua mchana kutwa, na moyo wangu mzito.

Mama hajamaliza sahani hata moja tangu nilipomleta huku mlimani kutoka msitu wa Walikale, baada ya Baba kufariki. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Ningemwacha na nani? Nilijisifu mbele ya watu kwamba namtoa porini, namleta kwenye mlima wenye hewa nzuri, maharagwe na ng'ombe.

Sasa amekonda hadi bangili yake inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Nami, mwalimu mzima, dawa yangu ilikuwa maziwa. Kila jioni kikombe, tena cha kujaa. Tumbo likimuuma, namwongezea kingine, nikidhani ni udhaifu. Mke wangu Furaha alinionya: "Papa Amani, Mama haiko mugonjwa. Anakosa mawese, anakosa pori." Sikumsikia. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linaelekea huko.

Jioni hii nilikaa jikoni karibu na moto, nikisoma kwa sauti somo la kesho. Ndiyo desturi yangu. Furaha husema hata kuku wa nyumba hii wangefaulu mtihani. Somo lilihusu wanyama wa zamani sana. Misitu ilipopungua na nyasi kuenea, wanyama nao walianza kubadilika, kizazi baada ya kizazi. Farasi wa kwanza alikuwa mdogo kama mbwa, akila majani laini ya miti. Nyasi ni ngumu, zinamaliza meno. Basi waliozaliwa na meno marefu ndio walioshiba na kuzaa, hata tukampata farasi huyu mkubwa wa kwenye picha. Padri wetu anasema Mungu hakuwa na haraka.

Mama, aliyekuwa akiota moto kando yangu, aliondoa mikono yake, akanitazama.

"Na wale wenye meno yao haikugeuka?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi: wengine walikufa, wengine walifuata msitu kule ulikobaki.

"Mutoto wangu, mie niko wa kufuata pori. Unirudishe kule, nisikufie huku mu baridi."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyoomba chumvi.

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumwambia kwamba huko amebaki dada yake tu, naye mzee. Kwamba watu watasema nimemtupa. Kwamba akienda huenda nisimwone tena. Hilo la mwisho ndilo linaloniua. Lakini katika hayo yote sikuona hata moja la kumshibisha Mama.

Jumamosi lori la mfanyabiashara mmoja linateremka Walikale kuchukua mawese. Nikamwambia Mama afunge vitu vyake.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama zamani nilipokuwa na homa. "Weye, meno yako ilisha geuka," akasema. "Haiko kosa yako."

Nimelia, na naandika hivyo bila haya.

Kesho, shule ikifungwa tu, nitakwenda kumwomba dereva kiti cha mbele, Mama asinyeshewe.