Mtu wa Mohoro

Jumatatu, 4 Rajabu 1323

Nimetwanga tangu asubuhi. Mikono inauma. Mume wangu Mbonde kaenda kukata boriti mikokoni, hana habari bado. Mtu wa Jumbe Shomari, mkubwa wetu wa mji, kapita nyumba hadi nyumba. Boma la Wadachi limeamuru: kila mwanamume aliyetoka milimani, Umatumbi, asikae mjini wakati huu wa vita, ila yule ambaye wazee watasema ni mwenyeji. Asiye mwenyeji anafungwa bomani. Na waliofungwa bomani mwaka huu tunajua walikoishia, kitanzini.

Mbonde ni wa huko, lakini alikuja Mohoro kijana, mzigo wa nta kichwani. Kajenga hapa. Kanioa hapa. Mwenyeji ni nani kama si yeye? Nimechukia hata nimemwaga pumba ndani ya mchele.

Alhamisi, 7 Rajabu

Baraza. Wanawake tulikaa nyuma ya ua wa makuti, tunasikiliza. Jumbe kauliza, ana nyumba? Anayo. Wakanong'onezana. Basi awe na shamba. Analo, la mpunga, bondeni. Basi awe kazaa hapa. Kazaa. Basi awe kazika hapa.

Hapo nilishika nguzo nisipige kelele. Mwanetu Hadija yuko pale mavani, na Jumbe mwenyewe alishika jeneza. Kasahau! Alipokumbushwa kasema baraza litakaa tena. Kila tukifika mlangoni, wanajenga mlango mwingine.

Jumamosi, 9 Rajabu

Nimefungua vitabu vya marehemu baba. Alisomesha sheria mji huu, na kuandika kanifundisha yeye. Kitabu kinasema wazi: msafiri akitia nia ya kukaa mahali siku nne, safari yake imekatika. Anasali sala kamili. Ni mkazi. Kwa Mungu siku nne. Kwa Jumbe Shomari hata umri mzima hautoshi.

Na wazee hao hao ndio wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe walimpa upesi! Wakati wa kulima hakuna aliyeuliza mkono huu umetoka wapi.

Nimekwenda kwa Jumbe na kitabu. Shikamoo, adabu, yote. Kanisikiliza. Kasema baba yako alikuwa mwanachuoni, Mungu amrehemu, lakini hili ni jambo la desturi ya mji. Nikauliza desturi hiyo imeandikwa wapi. Kasema desturi haiandikwi. Ndiyo maana inabadilika kila wakikaa kitako. Sharti jipya: mwenyeji lazima awe na mtani hapa mjini, wa kumtukana akiwa hai na kumchimbia kaburi akifa.

Nimecheka kwa hasira. Mtani anaye, Kingwande, Mndengereko, mwenziwe wa kukata boriti. Simpendi. Siku tuliyomzika Hadija alishuka kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Mbonde alicheka huku analia. Mimi sikucheka. Lakini sasa atatufaa.

Jumanne, 12 Rajabu

Sijui niandike vipi.

Baraza lilikuwa mbele ya akida. Mtu wa mbali, kaletwa na Wadachi, mila za huku hazijui. Kingwande kaitwa aoneshe utani wake. Kauonesha.

"Huyu mla panya? Maji ya dawa kanywa kibuyu kizima, na bado mkewe anamchapa!"

Uwanja wote ukacheka. Jumbe pia. Mbonde kacheka kuliko wote. Akida hakucheka. Kasikia maji, kasikia kanywa. Na vita vyenyewe ni vya maji, hayo wanayokunywa waasi wakiamini risasi hazitawapata. Askari wakamfunga Mbonde kamba pale pale, kicheko hakijamtoka mdomoni.

Kingwande mpumbavu. Matusi yote ya dunia hii, hakuona jingine!

Jumatano, 13 Rajabu

Nimepita kwa kila mzee wa baraza. Neno moja tu nalitaka: mwambieni akida ule ulikuwa utani. Hawataki. Mgeni hatukanwi vile, hutukanwa mwenzio wa mji. Anayesema ule ni utani kasema Mbonde ni mwenyeji. Basi wote wana homa. Mmoja, mkewe kaniambia hayupo, na miguu yake naiona chini ya pazia.

Kingwande kaenda bomani peke yake kueleza. Wamemchapa viboko.

Ijumaa, 15 Rajabu

Hotuba ya leo, subira. Nawachukia.

Jumapili, 17 Rajabu

Boma linataka wapagazi wa kufuatana na askari milimani. Wageni halitaki, wanatoroka. Linataka wenyeji, wenye wake na nyumba mjini, maana hao hawana pa kukimbilia. Kila mtaa utoe wanaume. Wana wa Jumbe ni vijana wazima, wana mabega.

Mchana Jumbe kavaa joho lake, kaenda kwa akida. Kaeleza utani wote, chanzo chake na adabu zake, vizuri kabisa. Ulimi umepona. Kisha kasema:

"Mbonde ni mwenyeji wetu. Atabeba kwa ajili ya mtaa wangu."

Nilikuwa nimesimama pale. Nyumba haikumfanya mwenyeji. Shamba halikumfanya. Kaburi la mwanangu halikumfanya. Mzigo umemfanya. Nimemtemea Jumbe mate miguuni, watu wakiona. Sijali.

Jumatatu, 18 Rajabu

Wameondoka. Nimemfungia mume wangu mikate ya mchele. Kapewa sanduku la risasi abebe, za kuwapigia ndugu zake. Kaniagiza mpunga wa bondeni usichelewe kupandwa. Kingwande kajitwisha mzigo, mgongo haujapona, na hakuitwa. Askari hawakumuuliza kitu.

Alhamisi, 12 Mfunguo Nne 1324

Mwezi wa sita huu. Wapagazi waliobaki hai wamerudi jana. Leo asubuhi Kingwande kaja, kakaa barazani, hakunitania. Nikajua.

Tumbo la kuhara, kasema. Mbonde kafa karibu na kijiji alichozaliwa. Kijiji kimechomwa. Wamemkuta bibi mmoja tu, haoni vizuri. Wakamwomba ruhusa ya kuzika. Mavani hakutaka. Kasema pale ni pa watu wa pale, mgeni azikwe kando ya njia. Walipokwisha kuchimba, kauliza marehemu ni mtu wa wapi.

"Nilikuwa nimechoka kuchimba, shemeji," kasema Kingwande. "Nikamwambia, mtu wa Mohoro."

Nimempa uji. Kaunywa wote. Leo naingia eda. Mpunga wa bondeni atapalilia yeye mpaka nitoke.