Maji Uliyoyaacha Kwenye Tangi

Baba Mwende,

Nimekaa hapa kwenye ngazi, mahali ulipozoea kuvulia viatu. Nyumba imetulia. Mwende amelala, mtoto amelala, na mimi niko katikati, si macho si usingizini, kama mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi. Ni mchana, usianze kuniita mvivu. Nimekuja kukuambia kwamba nimeyatoa maji ya tangi lako, lile la maji moto kabatini huko juu.

Najua. Tulia kwanza nikueleze.

Huyo mtoto nimemtaja mbio mbio, kwa hivyo nianze naye. Mwende amejifungua mvulana. Ana masikio yako, yale yaliyosimama kama ya mtu anayesikiliza mambo ya majirani. Na kabla hujavimba kichwa, jina si lako. Ni wa kwanza, kwa hivyo amepewa jina la babu yake wa upande wa baba, unavyojua desturi yetu. Wewe zamu yako ni mvulana wa pili. Nilimwambia Mwende asikawie sana, akanijibu, "Mama, acha kwanza nipone." Basi vumilia kwenye foleni.

Kabla hajajifungua aliniambia anataka kuja kukandwa kwa maji moto hapa nyumbani, na mimi, si mtu mwingine. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Halafu nikatazama dari ya chumba chake. Pale chini ya tangi palikuwa na alama ya maji, kahawia, kubwa kama sinia, na katikati pamevimba. Nikibonyeza kwa mpini wa ufagio palikuwa laini kama mkate uliolowa. Chini yake ndipo kitanda cha Mwende kilipo, na ndipo mtoto angelala.

Mtu mwingine angeita fundi siku hiyo hiyo. Mimi nilirudisha ufagio nyuma ya mlango nikaenda kupika.

Nitakuambia kwa nini, ingawa ukiwa huko nadhani ulikuwa ukiniona. Unakumbuka asubuhi ile ya mwisho? Mfereji ulikuwa umekauka wiki nzima, mtaa wetu wote wa Fedha unanuka mitungi mitupu, halafu alfajiri maji yakarudi. Uliruka kitandani ukiwa na fulana. Ulifungua koki ukasimama mbele ya kabati la tangi, mkono kiunoni, ukisikiliza maji yakipanda, na mimi nikikutazama nikiwa ndani ya blanketi. Ukaja ukanigusa mguu kwa vidole vilivyolowa. Ukaenda kazini kwenye ghala lenu, na saa nne mwenzako akanipigia simu. Moyo, walisema. Ulikuwa umekaa tu kwenye kiti chako, kalamu mkononi.

Tulipokuzika Machakos na kurudi, nilizima umeme wa tangi na kufunga koki. Watu walidhani nabana matumizi. Nilikuwa nayafungia ndani maji yako. Yalikuwa maji uliyoyaingiza wewe, kwa mkono wako, na nilijiambia maadamu yamo, kuna kitu ulichokianza humu ndani ambacho bado hakijaisha. Nimeoga maji baridi tangu hapo, au ya sufuria siku za Julai. Mara nyingine jioni nilifungua kabati nikaweka shavu kwenye tangi. Lilikuwa baridi. Lakini ukituliza pumzi ulisikia kitu ndani, sauti ndogo, kama mtu anageuka kitandani. Niliota mara nyingi unashuka ngazi nyayo zimelowa, unaacha alama mpaka jikoni, na kila nilipoamka nilishuka kutazama sakafu. Sikuwa mwendawazimu. Nilikuwa nimekukosa tu.

Basi Mwende alipopelekwa hospitali na uchungu, nikaingia chumbani mwake kutandika kitanda, na tone likanidondokea shingoni. Nilisimama hapo na shuka mkononi. Nikasema, haya, sasa nimesikia.

Fundi aliyekuja ni msichana, anaitwa Nekesa, anakaa mtaa wa Kware. Ana spana ndefu kuliko mkono wake na haongei akiwa amechuchumaa. Alilala chali mbele ya kabati, akamulika tochi chini ya tangi. Kisha akasema, akiniita mama kwa lugha yao ya vijana, "Mathe, hii tanki haina koki ya kumwaga maji. Nani aliweka hii?"

Nikamwambia ni mzee wangu alisimamia.

"Na fundi wake hakumshow?"

Alimwambia. Nilikuwa hapo jikoni nikiwakaangia mayai. Yule fundi alisema tangi lazima liwe na koki chini kabisa, ya kulitolea maji siku likiharibika, na wewe ukamcheka ukamwuliza, "Kwani wewe unakaa wapi? Hapa kwetu nani humwaga maji?" Ukaona umemweza. Ukanisimulia usiku, ukamsimulia kaka yako, ukalisimulia hadi kwenye harusi ya watu. Baba Mwende, nilikupenda, lakini koki moja. Koki moja tu ungeweka. Nilipomweleza Nekesa alicheka mpaka tochi ikamwanguka, akasema, "Mzee alituchezea."

Basi alieleza njia aliyobaki nayo. Bomba la maji baridi huingilia upande wa chini wa tangi. Angelifungua hapo kwenye nati, achomeke mpira mrefu haraka kabla hatujalowa, aufunge kwa kipande cha tyubu ya gari, na mpira ushuke dirishani mpaka uani, maji yajiendee yenyewe. Alifanya hivyo. Tulilowa, lakini si sana. Mpira ulitikisika, ukatoa maji mdomo mmoja huko chini, kisha ukakoma. Nekesa akautikisa. Kimya. Tangi limejaa, mpira uko wazi, na hakuna kitu.

Nilisema moyoni, mume wangu amekataa. Nakwambia kweli, nilihisi raha. Nilikuwa tayari kumlipa msichana nauli arudi kwao.

Yeye hakuona ajabu yoyote. "Haipati hewa," akasema. "Maji haiwezi toka kama hewa haiingii. Mathe, enda bafu ufungue tap ya moto, iache wazi tu. Lazima ipumue kwanza."

Nikaenda. Ni hatua chache, unazijua. Nikasimama mbele ya sinki na mkono juu ya ule mfereji wenye alama nyekundu, ambao sikuugusa tangu tulipotoka kukuzika. Ulikuwa umekakamaa. Jua lilikuwa linaingia kupitia dirisha lile la vioo vidogo, bafu lote limekuwa rangi ya chai, na mbali nikasikia mtu akipiga kelele za kununua vyuma vikuukuu. Nilisimama pale muda ambao siwezi kukuambia ni mrefu au mfupi. Nilikuwa nikifikiria kwamba kila kitu kingine ulikichukua mwenyewe bila kuniuliza. Hukuniuliza kama unaweza kwenda. Hili moja tu ndilo lililoachwa mkononi mwangu, na mimi sitaki. Sitaki, nilisema, kwa sauti, kama mtoto mdogo.

"Mathe, umefungua?"

Nikafungua.

Hakikutoka kitu. Nilisikia mluzi mdogo sana, na nilipoweka kiganja chini ya mdomo wa mfereji, ulinivuta. Baba Mwende, ulinivuta mkono. Polepole, pasipo nguvu, kama mtoto anavyotafuta titi gizani. Hewa ya bafu yetu ilikuwa inaingia, inapita kwenye bomba, inakwenda kuchukua mahali pa maji yako. Tangi likaguna kule kabatini. Halafu nikamsikia Nekesa akisema, "Hapo sawa," na uani maji yakaanza kugonga karai.

Nilibaki pale nikiacha mkono uvutwe. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuondoka na bado kikavuta namna hiyo.

Sasa nikuambie yaliyotokea chini, maana utayapenda. Ilikuwa wiki kavu, mifereji ya safu yetu yote ya nyumba haitoi hata jasho. Mama Njeri wa ng'ambo alichungulia juu ya ukuta akaona mpira unatapika maji, na kabla karai la pili halijajaa alikuwa mlangoni na mitungi miwili. "Mama Mwende, unamwaga maji na sisi tuko?" Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakukaa Fedha. Hapa yakimwagika tunayafyonza kwa tambara tukakamulia kwenye ndoo.

Nikawaambia si ya kunywa, yamekaa sana. Wakasema nani kakuambia tunataka kunywa. Wakaja na ndoo, na mabeseni, mmoja na sufuria ya ugali. Yalitoka maangavu kwanza, kisha mekundu ya kutu, na hata hayo yalichukuliwa. Mama Njeri aliloweka mablanketi. Yule mzee mwenye sukuma wiki kwenye magunia alichukua ya kutu kabisa akasema mboga hazichagui. Na mengine, nikuambie ukweli, yalikwenda kusukuma vyoo. Nilikuwa nimeyalinda kama dhahabu, nimeoga baridi miezi na miezi, na yameishia vyooni mwa majirani. Nilisimama mlangoni nikayaona yakienda kila upande wa safu, mitungi ya njano ikiyumba, matone yakibaki kwenye vumbi, nikaanza kucheka, na nikajua ungecheka kuliko mimi.

Jagi moja nililiteka mapema nikalificha nyuma ya mlango wa jikoni, la kuweka. Nekesa alipomaliza aliliona, akanawia mikono yake yote miwili pamoja na spana, akamwaga yaliyobaki kwenye maua. Nilifungua mdomo. Halafu nikampa taulo.

Wanaume wawili waliliteremsha tangi lenyewe mchana. Walijiandaa kwa uzito, wakapandisha pumzi, wakaliinua kwa nguvu mno, karibu waligonge dari. Lilikuwa jepesi. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na kutu, ukikigusa kinakatika. Nekesa alisema lingeweza kuachia wakati wowote. Nilikwenda nikatazama kitanda cha Mwende. Ungenisamehe vipi, kama ningechelewa?

Tangi jipya lina koki chini. Nimeigusa mara kadhaa, nikifikiria wewe na harusi za watu.

Maji yalirudi jioni moja Mwende akiwa ameshafika na mtoto wake. Nilijaza, nikawasha, asubuhi nikamkanda. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikakamua taulo, nikamwekea mgongoni, tumboni, kwenye nyonga. Mvuke ulijaa hata sikumwona uso. Alilia kidogo kwa joto, kama wote wanavyolia, kisha akalegea mikononi mwangu, akasema, "Mama, yako moto sawasawa." Nilimkanda na kumkanda, na ndipo likanijia, taratibu, kwamba haya ni maji usiyoyajua wewe. Ni kitu cha kwanza katika nyumba hii ambacho hukukigusa. Na yalikuwa yanafanya kazi. Yalikuwa yanamponya mtoto wako.

Alipomaliza kuvaa alinipa lile taulo akasema, "Sasa na wewe ingia uoge. Usipashe sufuria." Kumbe alikuwa anajua.

Nikaingia. Nilisimama chini ya maji moto, na niliona haya kama bibi harusi. Yalinishuka kichwani, mabegani, yakaenda zake shimoni, na kila yalipokwenda mengine yalikuja. Nililia sana, Baba Mwende. Lakini sikuufunga mfereji.

Kwaheri, mume wangu. Siku ile nilikuzika kwa ajili ya watu. Hii ni kwaheri yangu mimi. Nakuahidi sitaweka tena kitu chochote kipoe kwa ajili yako. Maji yakija nitayajaza, nitayawasha, na kabla ya jua kuzama yatakuwa yameisha.

Wako,
Mama Mwende