Kata Uliyoninywea

Dada yangu, mtunza siri yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa Sombetini, na saa ninayoiogopa, saa moja jioni, inakaribia. Miaka minne simu iliita saa hiyo, nawe hata salamu hukutoa. "Umemeza?" Nikijibu nimemeza, unaanza umbea wa Usa River kana kwamba hukuuliza kitu.

Wewe peke yako ulijua dawa zangu ni za sonona. Wengine tuliwaambia ni vidonda vya tumbo. Uongo ule ulikuwa wako, usikatae! Daktari alinikataza pombe, Krismasi nayo ilikuwa mlangoni, na kule nyumbani mlimani ukikataa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, umemkataa aliyekupa. Ukaropoka mbele ya ukoo mzima kwamba tumbo langu bovu, wailete kwako. Ukainywa ya kwangu juu ya ya kwako. Tuliteremka nimekushika mkono, unayumba, tunacheka kama wendawazimu. Tangu hapo kila anayenitembelea huniletea juisi ya kabeji, na hakuna anayeuliza moyo wangu ukoje.

Ulipokuja kulala kwangu ulinitoa kitandani asubuhi twende kwa miguu hadi Elerai, mimi nimenuna njia nzima. Ulisema kununa hakuzuii miguu. Siku hizi natembea mwenyewe, na bado nanuna.

Ulipofariki niliacha dawa. Sikupanga, Dada. Hakuna aliyeuliza, siku zikapita, mpaka kizunguzungu na lile giza vikanirudisha kwa daktari. Hakunigombeza. Alisema dawa hizi hazikatizwi ghafla, hata ukijiona umepona, mpaka mpange naye. Kisha akauliza nyumbani nani anajua. Nikasema alikuwepo mmoja. Nililia palepale kwenye kiti, wala sikuona aibu.

Jumamosi tulianua tanga lako. Kata ikazunguka, ikanifikia. Niligeuka kushoto, upande uliokuwa ukikaa, nikamkuta Shangazi. Baba mkubwa amenyoosha mkono, anasubiri. Ningeweza kunywa tu, yaishe.

"Sina vidonda vya tumbo, Baba mkubwa," nikasema. "Nina sonona. Natumia dawa."

Wengine wakatazama chini, na mmoja akasogeza kiti chake mbali kidogo. Hilo nalo nililiona. Shangazi, yule yule tuliyekuwa tukimkimbia kwa ukali wa mdomo wake, akanyoosha mkono mbele yangu.

"Lete kwangu," akasema, akainywa yote.

Jana alinipigia. Alianza na salamu, akaja ng'ombe, akaja mvua, akaja mgomba ulioanguka, mpaka mwisho kabisa akakumbuka kuniuliza. Sauti yake si yako. Nilipokata simu nilikulilia upya, chumba kizima kikawa kikubwa mno kwangu.

Lakini nilikuwa nimeshameza. Na leo maji nimeyaweka mezani mapema, simu iko kando yake.

Pumzika, Dada. Umeninywea vya kutosha.

Mdogo wako, asiye na vidonda vya tumbo