Radi na Mdudu wa Kitangari

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Leo nimejiona sokoni hapa Kitangari. Kwenye karatasi! Mudathiri wa kibanda cha video kaleta vitabu vya katuni vya zamani, anavikodisha kama kanda. Kimoja kinanihusu mimi – Radi, Shujaa wa Newala. Joho jekundu, kifua kama mlango. Simba ananirukia, nasema "Lala!" – naye analala. Watoto wamenizunguka: Radi! Radi! Raha niliyoona, aibu hata kuiandika. Kweli yenyewe tulikuwa wanaume wanne na mikuki, na simba alikuwa mzee, mguu mbovu. Mchoraji wa Dar akawafuta wenzangu, akanivika joho. Sasa magoti yanalia nikiinama kuokota korosho.

Alhamisi, 7 Oktoba
Jirani yetu Vitalis kaliwa. Chini ya mikorosho yake mwenyewe. Alikuwa anawahi malori ya wanunuzi binafsi – siku hizi ukichelewa bei inashuka. Imeokotwa kofia tu. Hakuna anayelitaja jina la simba. Wanasema "mdudu", maana ukimtaja anakuja. Na mimi kwenye kitabu nimemtaja kila ukurasa!

Jumamosi, 9 Oktoba
Magdalena, mjane wa Vitalis, kaja. Hakulia. Shikamoo Baba Isaka – halafu kapiga magoti. Mwambie mdudu alale, kama ulivyofanya zamani. Nikamwambia ile michoro tu, mama. Kanitazama sana. Kasema: kwa hiyo hutaki.
Hutaki! Sikula chakula.

Jumapili, 10 Oktoba
Kanisani benchi zima tumekaa wawili, mimi na mke wangu Dorika. Yeye kayasikia maneno ya watu bondeni kwenye maji: mdudu huyu si wa porini, katumwa. Anayejua kumlaza ndiye anayejua kumwamsha. Stefano, balozi wetu wa nyumba kumi, kaagiza mganga wa kunyoa wachawi. Atakayenyolewa kichwa mbele ya watu, huyo ndiye mchawi. Dorika anataka twende Masasi kwa mdogo wake. Nimekataa. Nikikimbia nimekiri. Naogopa. Nimezaliwa hapa, nawaogopa watu niliowabeba mgongoni.

Jumanne, 12 Oktoba
Asubuhi. Wamejaa uani. Mdudu kaonekana njia ya bondeni. Nimetoa mkuki darini, Stefano kaziba mlango. Kasema: Baba Isaka, ukienda mdudu akafa, tutajua ni wako. Ukirudi mzima, ndiyo kabisa. Kaa ndani, mganga anafika mchana. Mudathiri yuko nyuma yake, anawaonyesha watu kile kitabu.
Nimekaa. Naandika nipate kutulia. Waninyoe basi! Mvi zenyewe hizi, zitaota.

Kimya jikoni. Nimemwita Dorika – hakuna. Nimemuuliza Magdalena pale mlangoni. Kasema: si katoka alfajiri na ndoo?
Bondeni! Mungu wangu. Maji yaliisha jana, nami nikalala.
Nimemwambia Stefano asogee, mke wangu yuko kule. Hakusogea. Wala hakunikasirikia. Kasema kwa upole kabisa: tulia, Baba Isaka, mke wa mwenye mdudu haliwi. Na wote uani wakaitikia, ndiyo, haliwi. Wanaamini!
Dirisha la chumbani ni dogo. Mkuki nimeshautupa nje. Kichwa nimejaribu, kinapita. Sasa mabega –